Shogi Juu ya Pikipiki

Kamusi za zamani za Kiswahili zina neno ambalo rika langu hatulitumii tena: shogi. Ni mfuko mkubwa wa ukili unaolazwa mgongoni mwa punda, matumbo yake mawili yakining'inia huku na huku. Jirani yake kwenye kamusi ni horji, tandiko nene la punda, na hilo asili yake ni Kiarabu, khurj, ambalo kwa Waarabu ndio huo huo mfuko wa pande mbili. Waarabu walivuka nalo mpaka Hispania, likageuka kuwa alforja. Kwa hiyo Mhispania anayefunga mabegi kwenye pikipiki yake na mtu wa Lamu anayetandika punda wake ni ndugu wa mbali kwa upande wa msamiati.

Nililikumbuka neno hilo mwaka juzi, nimesimama barabara ya kushuka kutoka Kibosho, nikinusa nailoni inayoungua. Nilikuwa nimening'iniza mabegi mawili laini pembeni mwa pikipiki. Nyumbani niliyapima kwa macho, nikaona bomba la moshi liko mbali, vidole vitatu hivi. Kumbe nilipima pikipiki ikiwa tupu. Nikikaa mimi na ndizi nilizopewa na wenyeji, shokapu zinashuka. Kwenye shimo zinashuka zaidi, na vile vidole vitatu vinakuwa sifuri. (Ndiyo, bomba la moshi, Moshi. Wenzangu ofisini wameshacheka vya kutosha.) Ndani ya begi kulikuwa na daftari la mahojiano na mzee aliyewahi kuwa karani wa mizani kwenye chama cha msingi cha kahawa. Kurasa za katikati zilikwenda na begi. Nilipojipanga kurudi kwake, matanga yalikuwa yameshaanuliwa.

Kurasa za mwanzo zilibaki, na zote zinazungumzia mizigo. Sikuwa nimemuuliza. Nilimuuliza siasa za ushirika, yeye akanijibu vichwa na migongo: nani alileta kahawa akiwa na ngata kichwani, nani alituma watoto, gunia lililofika limelowa lilisababisha ugomvi gani. Wakati ule niliona mzee anapoteza muda. Sasa naona nilikuwa nauliza swali lisilo na maana.

Maana historia ya mlima huu, ukiitazama kwa jicho la mizigo, ni ya kichwa na bega. Rebmann alipofika Kilema Mei 1848, akiongozwa na Bwana Kheri, alikuja kwa miguu na vitu vyake vikiwa juu ya watu. Misafara iliyofuata ilikuwa hivyo hivyo, ila mikubwa zaidi. Mzigo wa mpagazi ulizunguka kwenye frasila mbili, yaani kilo thelathini na kitu, na robota la nguo alilobeba liliitwa mtumba. Leo ukienda soko la Memorial pale Moshi kutafuta suruali, unataja neno la wapagazi bila kujua. Reli ya kutoka Tanga ilifika Moshi mwaka 1911, lakini reli iliishia chini. Kahawa ilikuwa juu. Chama cha wakulima wa asili, KNPA, kikaundwa 1925, na mwanzoni mwa miaka ya 1930 kikazaa KNCU. Magunia yakahesabiwa, yakaandikwa, yakasafirishwa hadi ng'ambo. Ila kipande kile cha kutoka kihambani hadi kwenye mizani, mara nyingi kilibaki kazi ya shingo ya mtu, hasa ya mwanamke.

Punda je? Chini tambarare Wamaasai wana mifuko ya ngozi ya kupakia punda wakati wa kuhama; shogi kamili kabisa, isipokuwa jina. Huku juu njia ni nyembamba, zinapita katikati ya migomba na kuruka mifongo, na mnyama wa maana ni ng'ombe wa zizini ambaye wewe ndiye unayembebea majani. Sidhani kama mlima uliwahi kuwa na sababu ya kujifunza mfuko wa pande mbili.

Halafu ikaja bodaboda. Jina lilizaliwa kwa waendesha baiskeli wa Busia, mpakani mwa Kenya na Uganda, miaka ya 1960, na kwetu pikipiki za abiria zikawekewa kanuni zake mwaka 2010. Angalia vijana wanaopandisha Marangu au Mwika: mkungu wa ndizi, gunia la pumba, mtungi wa gesi, vyote vinalala juu ya siti au keria, vimebanwa kwa mipira iliyokatwa kwenye tyubu. Hakuna kinachoning'inia pembeni. Niliwahi kudhani ni ushamba, mpaka dereva mmoja akanijibu, "Kaka, hapo pembeni ndipo miguu ya abiria inakaa. Nikiweka begi, abiria atakaa wapi?" Basi, pembeni ndiko kunakolipa.

Mimi sibebi abiria, kwa hiyo nilirudi kwenye shogi. Nilimpelekea mzee mmoja fundi viatu kule Mbuyuni. Nikamwamkia, akaitikia, akalitazama begi lililoungua muda mrefu.

"Mwanangu, umelifunga kama mbuzi wa kupeleka mnadani."

Akaniamuru nikae juu ya pikipiki, na kijana wake akae nyuma yangu, ndipo akachukua vipimo. Akakataa nailoni: nailoni inayeyuka, turubai la pamba linaungua polepole na unapata muda wa kunusa. Akanituma kwa mchomeleaji nitengenezewe fremu ya nondo nyembamba pande zote mbili, ili begi lisiingie kwenye spoku wala kugusa bomba. Mikanda miwili mipana ikapita chini ya siti, na mingine ikavuta mbele na nyuma, kwa sababu mlimani mzigo una tabia mbili: ukipanda unarudi nyuma na usukani unakuwa mwepesi kwa kutisha, ukishuka unakufuata mgongoni. Kizito kikae chini na mbele, karibu na mapaja. Ncha za mikanda akazishona, zisije zikaliwa na mnyororo. Indiketa zisifunikwe. Na kila upande upimwe kwa mizani, si kwa mkono, alisisitiza, na hapo nikamkumbuka karani wangu.

Daftari sasa linakaa kushoto, mbali na bomba, ndani ya mfuko wa plastiki. Kulia kuna koti la mvua na nafasi ya ndizi. Safari ya kwanza nilikwenda kwa mjane wa yule mzee, nikamsomea kurasa zilizosalia. Alinirekebishia majina mawili, kisha akasema hilo gunia lililolowa lilikuwa la kwake.