SUKARI NA PRESHA, SEHEMU YA 3: Watu wa Morogoro walipohamia mjini

Sehemu ya 2 tuliona kwa nini sukari na presha hupenda kukaa kwa mtu mmoja. Leo twende kwenye historia, na historia yenyewe ni ya kwetu hapa Morogoro.

Miaka ya 1980, Dkt. Donald McLarty na wenzake wa Muhimbili walipima sukari kwa zaidi ya watu 6,000 wenye miaka 15 na kuendelea. Walienda vijiji 6 katika mikoa 3: Kilimanjaro, Mara na Morogoro. Matokeo yakatoka mwaka 1989. Waliokutwa na kisukari hawakufika hata 1 kwa kila 100.

Sasa usiseme "wazee wa zamani walikuwa na damu nzuri". Angalia walivyoishi. Ukiwa hapa Bigwa, inua macho uone Uluguru. Mtu alilima mteremko kwa jembe la mkono, akashuka na mkungu wa ndizi kichwani, akapanda tena na chumvi na mafuta ya taa. Hakuna aliyeita mazoezi. Ilikuwa ni kazi tu.

Baadaye watafiti wakajiuliza: mtu huyo akihamia mjini inakuwaje? Wakawachukua watu 209 wa Morogoro vijijini waliokuwa wanajiandaa kuhamia Dar es Salaam, wakawapima kabla hawajaondoka. Baada ya miezi 12 wakawapima tena 132 kati yao. Utafiti ulichapishwa mwaka 2010.

Kabla ya kuhama, karibu wanaume 8 kati ya 10 walikuwa wanafanya kazi za kutoa jasho kweli kweli. Mwaka mmoja mjini, wakabaki chini ya 3. Wanawake walishuka kutoka karibu 4 kati ya 10 hadi chini ya 2. Uzito ukapanda zaidi ya kilo 2 kwa wanaume na wanawake. Mwaka mmoja tu!

Presha yao haikupanda mwaka huo, na hapo ndipo tunapodanganyika. Mwili unabadilika kimya kimya, presha na sukari vinakuja kudai baadaye. Mwaka 2012 nchi nzima ilipopimwa, watu wazima wa miaka 25 hadi 64, kama 26 kwa kila 100 walikuwa na presha, na 9 walikuwa na kisukari.

Sasa nakuuliza wewe. Umemleta mama yako mjini baada ya kuambiwa ana sukari na presha. Unamwambia, "Mama, umechoka vya kutosha, kaa tu." Maji anachotewa, sokoni anaenda bodaboda. Ni upendo, najua. Lakini umemnyang'anya mlima wake na hujampa kitu badala yake.

Msuli ukifanya kazi unavuta sukari kutoka kwenye damu, na mishipa inalegea, damu inapita bila kusukumwa sana. Kwa mwenye kisukari cha aina ya 2, mazoezi ya mara kwa mara hushusha namba ya juu ya presha kwa pointi chache. Usizidharau. Uingereza mwaka 1998 ilionekana kwamba wenye kisukari waliodhibitiwa presha vizuri kwa dawa, wastani wa 144, walipata kiharusi pungufu kwa 44% kuliko wenzao ambao presha yao haikubanwa sana, wastani wa 154. Pointi 10 tu!

Basi mfanyie hivi:

✅ Atembee haraka dakika 30, siku 5 kwa wiki. Aweze kuongea lakini asiweze kuimba. Aanze na dakika 10.
✅ Viatu vya kufunika vidole, na umkague miguu jioni. Kidonda cha mwenye sukari si cha kuchezea.
✅ Kama anachoma insulini au anameza glibenklamidi, abebe pipi au sukari. Akitetemeka au kutoka jasho la baridi, ale hapo hapo.
✅ Presha ikiwa 180/110 au zaidi, asianze mazoezi. Mpeleke kituo cha afya kwanza. Kifua kikibana, asimame na apelekwe hospitali haraka.
❌ Asiache dawa kwa sababu anatembea. Viende pamoja.

Na wewe tembea naye, mtoto mgongoni. Huyo mtoto amezaliwa mjini, mlima hajawahi kuujua kabisa.

Sehemu ya 4: chumvi jikoni kwetu.