Kiangazi cha Simiyu ndiyo baridi ya trekta

Mwaka 2017 baba yangu mdogo na wenzake wanne, wote wa kijiji kimoja wilayani Itilima, walichanga fedha za pamba wakanunua trekta ya mtumba iliyotoka Ulaya. Ilikuja na kitabu cha mwongozo. Mimi ndiye niliyekuwa chuoni, kwa hiyo kazi ya kukitafsiri ikaniangukia. Niliifanya kwa moyo, usiku na mchana, isipokuwa sura moja tu. Hiyo ilieleza namna ya kuitunza trekta majira ya baridi: theluji, dizeli kuganda, betri kuishiwa nguvu. Sasa Bariadi na theluji wapi na wapi? Nikairuka, na kwenye daftari nikaandika neno moja: "haituhusu".

Msimu wa pili, mvua za Novemba zilipofika, trekta ilikataa kuwaka. Betri ilikuwa imekufa, panya walikuwa wametafuna nyaya, na chini ya dizeli kwenye tangi kulikuwa na maji. Maji hayo yakafika kwenye pampu, na pampu ya dizeli si kitu cha kutengeneza chini ya mwembe. Hadi kipuri kinapatikana na fundi anamaliza, siku 19 zilikuwa zimepita. Wewe unayekaa mjini unaweza kuona siku 19 si kitu. Vumilia kidogo, nitakueleza kwa nini kwenye mbuga siku hizo ni karibu msimu mzima.

Makala hii ni deni langu la sura ile niliyoiruka.

Tuanze na baridi yenyewe, huko inakokaa. Kuna mashine ndogo ya kubeba mizigo ambayo huenda umeiona kwenye kazi za ujenzi: ina magurudumu manne, kijiko mbele, na dereva anakaa katikati kama yuko kwenye kizimba. Usukani hauna. Ikitaka kugeuka, magurudumu ya upande mmoja hupunguzwa kasi au hurudishwa nyuma, nayo inajizungusha pale pale kwa kuyaburuza matairi. Mafundi wetu wengi huiita Bobcat, hata ikiwa ya kampuni nyingine. Chanzo chake ni ndugu wawili wahunzi, Cyril na Louis Keller, wa kijiji cha Rothsay, jimbo la Minnesota, Marekani. Mfugaji wa batamzinga aliyeitwa Eddie Velo aliwaomba wamtengenezee kitu kidogo kinachoweza kupita katikati ya nguzo za banda na kuzoa samadi. Trekta ya shambani haikuenea humo. Wakamkabidhi mashine Februari 1957, ikiwa na magurudumu mawili mbele na kijigurudumu kimoja nyuma. Kampuni ya Melroe ya North Dakota ikaichukua, ikaongeza ekseli ya pili mwaka 1960, na mwaka 1962 jina la Bobcat likaanza.

Angalia mwezi huo: Februari. Minnesota mwezi huo usiku unaweza kushuka hadi nyuzi 30 chini ya sifuri. Dizeli ya kawaida ina nta ndani yake, na joto likikaribia sifuri au kushuka chini kidogo, nta hiyo huanza kujitenga na kuziba filta. Umeona samli inavyoganda kwenye kopo asubuhi ya Julai? Ni jambo la namna hiyo hiyo. Oili ya haidroliki nayo inakuwa nzito kama uji wa mgonjwa aliyepona. Betri, kwa kuwa kemia yake hupungua kasi kwenye baridi, hubaki na karibu nusu ya nguvu yake ikifika nyuzi 18 chini ya sifuri, na hapo hapo injini yenye oili nzito inataka nguvu zaidi kuzungushwa. Mkulima wa huko anatumia oili nyepesi, anachomeka hita ya umeme kwenye injini usiku kucha, na asubuhi anaiacha mashine ingurume taratibu kabla ya kunyanyua chochote.

Lakini kwa maoni yangu si hiyo iliyofanya kijiko hiki kidogo kienee. Wakati wa baridi trekta kubwa ya shamba la Minnesota haina kazi; ardhi ni jiwe. Mifugo, kwa upande mwingine, imefungwa bandani. Inakula kila siku, inachafua kila siku, na theluji inaziba mlango kila siku. Kina Keller walitengeneza mashine kwa ajili ya miezi ambayo mashine nyingine zimelala. Kazi ya kila siku ikailipa, na mashine inayowashwa kila siku haipati nafasi ya kuota kutu.

Sasa rudi nami Simiyu.

Kwetu hakuna miezi ya theluji, ila kuna miezi ambayo ardhi ni jiwe. Mwaka 1935 mtaalamu wa udongo Geoffrey Milne, aliyekuwa kituo cha utafiti cha Amani kule Usambara, alitoa wazo ambalo hadi leo linafundishwa vyuoni duniani kote: kwamba udongo hupangika kwa mfuatano kutoka kilele cha kilima hadi bondeni, kama pete za mnyororo, na mfuatano ule ule hujirudia kilima hadi kilima. Akauita kwa neno la Kilatini la mnyororo, katena. Usukuma ni mfano maarufu wa mpangilio huo. Tuseme ukweli, wazee wetu walikuwa na majina ya pete hizo kabla ya Milne: luseni, mchanga wa juu, itogolo, yenye tabaka gumu chini, halafu mbuga, udongo mweusi wa bondeni.

Mbuga ndiyo yenye rutuba, na ndiyo yenye visa. Chembe zake za mfinyanzi hunyonya maji katikati ya tabaka zake zikavimba. Zikikauka hunywea, na ardhi hupasuka nyufa za kumeza mguu wa mbuzi. Oktoba jembe linadunda. Ikinyesha mvua kubwa, trekta inazama hadi kwenye ekseli na unaanza kutafuta ng'ombe wa kuivuta (nimeshuhudia, na wenye ng'ombe hucheka sana). Katikati ya hali hizo mbili kuna dirisha dogo la siku ambazo udongo una unyevu wa kutosha lakini haunati. Pamba nayo inatakiwa iwe ardhini kati ya katikati ya Novemba na katikati ya Desemba. Hesabu mwenyewe siku 19 zinakula nini hapo.

Dirisha hilo liliwahi kuumiza watu wakubwa kuliko baba mdogo. Victoria Federation of Co-operative Unions, muungano wa wakulima wa pamba ulioanzishwa mwaka 1955 chini ya Paul Bomani, ulikuwa na nguvu kweli kweli. Ulimiliki hadi viwanda vya kuchambulia pamba. Katikati ya miaka ya 1960, nchi ikiwa changa na yenye haraka, yaliletwa mashamba ya pamoja ya kulimwa kwa trekta. Yakapata hasara, yakaachwa. Sababu zilikuwa kadhaa. Ile inayotajwa sana ni palizi: trekta ililima eneo kubwa kuliko mikono iliyokuwepo ya kupalilia, majani yakaimeza pamba. Lakini nyingine ni hesabu ya saa tu. Mashine ya bei kubwa iliyolima wiki chache, ikasimama mwaka mzima, lazima kila eka ibebe gharama ya miezi yote ile ya kusimama. Miaka hiyo hiyo Nyerere alikuwa akisisitiza kwamba kutoka jembe la mkono kwenda plau ya ng'ombe ni hatua kubwa inayotosha kwa kuanzia. Wengine waliona anarudi nyuma. Wasukuma wengi walikuwa na plau tayari.

Na ng'ombe, tofauti na trekta, alikuwa na kazi Julai. Anavuta mkokoteni wa pamba kwenda kwenye mnada, anabeba maji, kuni, tofali, hata wagonjwa. Udhaifu wake ni mmoja, nao ni mkubwa: mvua zinapoanza, siku ile unayomhitaji kwenye plau, ndiyo siku aliyokonda kuliko zote, maana malisho yameisha.

Wazee walilijua hilo, na jibu lao lilikuwa ngitili. Unatenga eneo la malisho msimu wa mvua, hakuna mfugo unaoingia, nyasi zinakua, unazifungulia kiangazi kinapokaza, na wanaotangulizwa ni ng'ombe wa kulima, ndama na wagonjwa. Ukiniuliza mimi, ngitili ni ghala la mafuta. Operesheni Vijiji ya miaka ya 1970 iliwahamisha watu mbali na maeneo hayo na nyingi zikafa. Mwaka 1986 ulianza mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, HASHI, ambao uliwasaidia wananchi kuzirudisha. Bariadi, Maswa na Meatu zilikuwa ndani ya Shinyanga wakati huo; Mkoa wa Simiyu ulikuja kuzaliwa mwaka 2012.

Niliporudi kuisoma ile sura ya baridi, sasa nikiwa na shahada ya uzamili na aibu kidogo, niligundua kwamba nusu yake haikuhusu baridi kabisa. Ilihusu kusimama.

Mwaga oili kabla ya kuilaza trekta, usisubiri hadi ya kuiamsha, kwa sababu oili iliyotumika ina asidi, na asidi hiyo itakaa miezi sita ikila chuma. Jaza tangi: nafasi tupu hujaa hewa, hewa ya usiku huacha matone, matone hushuka chini ya dizeli. (Hapa baba mdogo alinitazama. Tangi likijaa mwezi Juni, Agosti litakuwa limeibiwa. Tukakubaliana limwagwe lote lioshwe, na filta yenye kikombe cha maji ikaguliwe kabla ya kuwasha.) Toa betri. Huko kwao baridi huidhoofisha betri, kwetu joto ndilo huiua taratibu, kwani mafundi hukadiria kila nyuzi 10 juu ya 25 hupunguza umri wake kwa karibu nusu. Inyanyue ekseli juu ya magogo ili matairi yasikae upande mmoja, na yafunike jua. Ziba bomba la moshi na la hewa. Usisahau panya.

Kitu ambacho kitabu hakikukitilia mkazo wa kutosha ni vumbi. Vumbi la Septemba lina chembe za kwazi, ambazo ni ngumu kuliko chuma cha silinda, na filta ya hewa iliyotoboka huzipeleka moja kwa moja kati ya pistoni na ukuta wake. Trekta inayovuta tela barabarani kiangazi inameza vumbi kuliko inayolima Novemba. Nilisita kulisema hilo, maana ni mimi niliyewashauri wanunue tela.

Maana ndicho walichofanya. Nane Nane ya kitaifa ya mwaka 2019, pale Nyakabindi, tulizunguka banda hadi banda. Trekta zinang'aa, watu wanauliza nguvu za farasi na bei. Ilikuwa Agosti, mwezi ambao hakuna hata moja kati ya zile ingeweza kulima kitu Bariadi. Baba mdogo hakuuliza nguvu za farasi. Alimwuliza kijana wa banda, "Mwanangu, hii mwezi huu inafanya kazi gani?" Kijana akacheka, akidhani ni utani.

Tela yao ni ya mtumba na breki zake siziamini. Juni hadi Agosti inasomba pamba, baadaye mchanga na tofali. Haijawatajirisha, mwaka jana tairi mbili zilikula faida yote. Ila trekta haikai tena miezi sita bila kuwashwa, na inapolazwa, betri hukaa kwa jirani mwenye sola.

Daftari langu bado analo. Pale nilipoandika "haituhusu" amepiga mstari wa kalamu nyekundu, na chini yake kuna tarehe za kumwaga oili, mwaka baada ya mwaka, kwa mwandiko wake mkubwa.