Ghairio la Mchoraji

Katika jumba la makumbusho la Prado, Madrid, kuna picha ya mfalme Philip IV wa Hispania akiwa juu ya farasi. Diego Velázquez aliichora kwa rangi ya mafuta karibu mwaka 1635. Ukiisogelea na kuitazama miguu ya nyuma ya farasi yule, utaona kama kivuli cha mguu mwingine, uliowahi kuwekwa pale kisha ukafunikwa. Velázquez aliuchora, akautazama, akauhamisha. Karne zimepita, rangi ya juu imepungua nguvu, na leo uamuzi wake wa kwanza unachungulia nyuma ya uamuzi wa pili.

Waitalia wanaiita alama hiyo pentimento, na zikiwa nyingi pentimenti. Lugha nyingi zimelichukua neno hilo lilivyo. Nasi tunapoandika kuhusu uchoraji kwa Kiswahili ama tunaliazima, ama tunazunguka kwa sentensi nzima: alama za mabadiliko aliyoyafanya mchoraji wakati wa kuchora. Naamini hatuna haja ya kuzunguka. Neno tunalo, limo kinywani mwetu kila siku, na linahitaji kuvikwa umbo la istilahi tu. Napendekeza ghairio, wingi maghairio.

Tuanze na maneno yanayoonekana kufaa. Pentimento limetokana na kitenzi cha Kiitaliano cha kutubu, kwa hiyo mfasiri wa haraka atakimbilia toba. Lakini toba ya Kiswahili ina mlango wake: inataka dhambi, na inaelekezwa kwa Mungu. Velázquez hakuwa na dhambi ya kuungama kwa sababu ya mguu wa farasi. Majuto nayo hayafai, maana majuto ni mjukuu. Huja mambo yakiwa yamekwisha na hakuna la kufanya. Mchoraji tunayemzungumzia bado ana brashi mkononi, na rangi haijakauka. Sahihisho linakaribia, ila linadai kwamba kulikuwa na kosa. Mara nyingi umbo la kwanza halikuwa na kosa lolote. Lilikuwa zuri, ila picha ilipozidi kukua ikataka jingine.

Sasa sikiliza tunavyosema: alikuwa asafiri Ijumaa, ameghairi. Hapo hatumwiti mkosaji wala hatusemi anajuta. Tunasema aliamua, kisha kabla jambo halijatimia akaamua vingine. Kughairi kunatokea njia ikiwa bado wazi. Hiyo ndiyo hali ya mtu aliyesimama mbele ya turubai.

Kwa nini basi tusiseme ghairi tu? Kwa sababu neno ghairi tayari lina kazi nyingine, katika ghairi ya, yaani bila au isipokuwa, na istilahi haipendi kugombea kiti. Lugha yenyewe inatuonyesha njia. Kutokana na azimia tuna azimio, kutokana na kadiria tuna kadirio, kutokana na tarajia tuna tarajio. Kutokana na ghairia tupate ghairio. Maana yake iwe hii: alama, inayoonekana kwa macho au kwa vyombo, ya uamuzi ambao msanii aliuacha akiwa bado kazini.

Thamani ya neno hili inajulikana zaidi kwenye picha kubwa yenye maumbo ya watu na wanyama, kwa sababu humo umbo moja likihama, mengine yote huulizwa upya. Mfano ninaourudia mara kwa mara ni Guernica ya Pablo Picasso. Tarehe 26 Aprili 1937, ndege za Ujerumani na Italia ziliushambulia kwa mabomu mji wa Guernica, katika nchi ya Wabaski, kaskazini mwa Hispania. Picasso alikuwa Paris, na tayari Serikali ya Jamhuri ya Hispania ilikuwa imemwagiza picha kwa ajili ya banda lake kwenye maonyesho ya kimataifa ya mwaka huo. Tarehe 1 Mei alianza michoro ya awali. Siku chache baadaye alihamia kwenye turubai yenye urefu wa karibu mita 3.5 na upana wa karibu mita 7.8, na mwanzoni mwa Juni kazi ilikuwa imekamilika.

Tunazijua hatua zake kwa sababu mpigapicha Dora Maar alikuwamo katika karakana, akiipiga picha turubai kadiri ilivyobadilika. Katika hatua ya kwanza, askari aliyeanguka chini ameinua mkono wima, ngumi imekazwa, karibu katikati ya mchoro. Katika hatua iliyofuata ngumi imeshika masuke, na nyuma yake kuna duara kubwa la jua. Kisha mkono ukatoweka. Jua likabanwa likawa umbo kama jicho, na baadaye ndani yake kukawekwa taa ya umeme. Kichwa cha farasi, kilichokuwa kimeinama, kikainuliwa kikapiga ukelele. Mwili wa fahali ukageuzwa. Wakati mmoja Picasso alijaribu hata kubandika vipande vya karatasi za ukutani, akavibandua.

Kila tukio hapo ni kughairi, na mikwaruzo, michirizi na tabaka zilizobaki kwenye turubai ni maghairio. Picha za Maar zenyewe si maghairio, bali ni ushahidi wake. Vivyo hivyo tusilichanganye neno hili na rasimu. Rasimu hukaa kwenye karatasi yake, pembeni, na mchoraji anaweza kuichana. Ghairio limo ndani ya mwili wa kazi yenyewe.

Yapo maghairio yanayojitokeza bila kutafutwa. Mafuta ya rangi yakizeeka hupitisha mwanga kuliko yalipokuwa mabichi, na nyeupe iliyotengenezwa kwa madini ya risasi huungana na mafuta hayo taratibu, ikafanya kitu cha jamii ya sabuni. Tabaka la juu likawa kama pazia jepesi. Mengine hufichuliwa kwa eksirei, kwa kuwa risasi huzuia miali hiyo, au kwa miali ya infraredi, ambayo hupenya rangi nyingi na kunaswa na weusi wa makaa aliochorea msanii mwanzoni.

Nasi Afrika Mashariki tuna pa kulitumia neno hili. Michael Armitage, aliyezaliwa Nairobi mwaka 1984, huchora picha kubwa za watu kwa rangi ya mafuta juu ya lubugo, kitambaa ambacho Waganda hukitengeneza kwa kugonga gome la mti wa mutuba. Lubugo lina matundu, makunyanzi na mishono, nayo hayafichiki. Armitage hupaka, hukwangua, hupaka tena, na kitambaa hubaki kikisema neno lake. Mkosoaji anayeandika kwa Kiswahili atahitaji kutofautisha mshono wa fundi wa lubugo na ghairio la mchoraji. Bila majina mawili ataviita vyote alama, na msomaji hatajua kipi kilikuwepo kabla ya brashi na kipi kililetwa nayo.

Kuna sababu nyingine inayonifanya nilitetee neno hili. Katika maisha ya kawaida anayeghairi hutazamwa kama mtu asiye na msimamo, na kijana anayejifunza kuchora huja na hofu hiyo hiyo, akidhani fundi ni yule anayepiga mstari mara moja ukakaa. Mwambie aitazame tena Guernica. Ile ngumi iliyoinuliwa haimo. Lakini chini, mkono wa askari umeshika upanga uliovunjika, na kando yake limechomoza ua dogo. Picasso angeng'ang'ania ngumi yake ya kwanza kwa kuogopa kuitwa kigeugeu, leo tungekuwa na picha nyingine. Kijana huyo anastahili kusikia, kwa lugha yake, kwamba mstari alioufunika jana una jina, na jina lenyewe si kosa.