Ukuta Kwanza, Barua Baadaye

Nilikuwa katibu wa kamati ya shule kwenye mlima mmoja kati ya Keroka na Nyamira, na kazi yangu ilikuwa kuandika barua za kuiomba serikali. Niliziandika kwa mwandiko safi, zikagongwa muhuri wa chifu na saini ya mwenyekiti. Lakini barua tupu haikumwondoa afisa kwenye kiti chake. Kilichomwondoa ni kusikia kwamba ukuta umefika kwenye linta.

Mtindo huo tuliurithi. Sheria ya mwaka 1924 iliunda mabaraza ya wenyeji, nayo yakaruhusiwa kutoza ushuru wao juu ya kodi ya serikali. Wakati ule sisi Wagusii tulikuwa wilaya moja na majirani zetu, Kavirondo Kusini. Shule zilikuwa za misheni: Wakatoliki walikuwa Nyabururu tangu 1911, Waadventista nao Nyanchwa. Wazee wa baraza walitaka shule isiyomuuliza mtoto anasali wapi, na njia ya kuipata ilikuwa kutenga fedha zao kwanza, kisha kuidai serikali walimu. Miaka ya 1930 Shule ya Serikali ya Waafrika ikafunguliwa Kisii, ile ambayo leo inaitwa Kisii School. Kakamega nako kulikuwa hivyo hivyo. Hata baada ya Uhuru mambo yaliendelea kwa mkondo huo: mwaka 1965 Baraza la Kaunti ya Gusii lilitoa ekari 61 kwa chuo cha walimu wa msingi, na mahali pale pale pakawa Chuo Kikuu cha Kisii mwaka 2013.

Kenyatta aliposema Harambee mwezi Juni 1963, kwetu watu hawakufundishwa kufanya kazi pamoja. Tulikuwa na risaga, majirani wakilimiana mashamba na mwenye shamba akiandaa chakula na pombe. Jipya lilikuwa ahadi ya upande wa pili: nyinyi jengeni, serikali italeta mwalimu, mabati, muuguzi. Watu wakaishika ahadi hiyo kwa mikono miwili na kuigeuza kuwa mtego. Mtafiti Mmarekani Frank Holmquist, aliyefanya utafiti wake Kisii, alieleza jambo hilo vizuri: kijiji kinaanza mradi mapema, bila kungoja ruhusa, ili serikali ione aibu kuuacha.

Mtego wenyewe ulikuwa kazi. Kila boma lilipangiwa matofali, kokoto au fedha. Wanawake walibeba mchanga kutoka mtoni kwa kichwa, mlima wote ule, nami nikakaa chini ya mkalitusi na daftari la jalada gumu.

“Mwalimu, niandike.”

“Umeleta nini, mama?”

“Madebe mawili ya mchanga. Na usiandike jina la mzee. Andika langu.”

Nikaandika lake. Daftari hilo lilikuwa na thamani kubwa kuliko barua zangu zote, maana afisa wa maendeleo ya jamii alipofika alitaka jasho lile ligeuzwe shilingi: debe la mchanga kiasi gani, siku ya kibarua kiasi gani. Jumla hiyo ndiyo iliyokuwa mchango wetu, na kwa kuitazama yeye alipendekeza serikali iongeze nini. Alipita akigonga ukuta kwa kalamu, akaomba kitabu cha risiti cha mweka hazina, akaondoka bila kuahidi kitu. Lori la mabati lilipokuja baadaye, kamati nzima ilisimama kuyahesabu moja moja kabla mwenyekiti hajatia saini.

Siku ya harambee yenyewe iliwekwa baada ya bonasi ya majani chai. Hapo jogoo alinadiwa akanunuliwa, akarudishwa, akanadiwa tena, mpaka bei yake ikapita ya ndama.

Na hapo ndipo palipokuwa na ubaya wake. Mlima wenye chai ulifika kwenye linta haraka na kuongezewa mabati, huku ule wa mahindi na ndizi ukibaki na msingi uliomea nyasi. Kusema mchango ulikuwa wa hiari ni kutania. Kuna waliochukuliwa kuku kwa kushindwa kulipa, na watoto walirudishwa nyumbani kwa pesa za ujenzi hata baada ya karo ya madarasa ya chini kufutwa mwaka 1974. Josho la ng'ombe lilijengwa likakosa dawa. Ukuta ulidai, lakini serikali haikujibu kila mara.

Mwaka 1983 mipango ilihamishiwa wilayani, na mradi ukalazimika kupanda ngazi kutoka kata hadi kamati ya wilaya kabla ya kupata senti. Ndipo barua zangu zilipoanza kuwa na kazi. Mwishoni mwa muongo huo Nyamira ikakatwa kutoka Kisii, nasi tukapata ofisi ya karibu ya kutukataa. Halafu ikaja sheria ya CDF, mfuko wa maendeleo ya maeneo bunge, ya mwaka 2003, ikatenga asilimia 2.5 ya mapato ya kawaida ya serikali kwa maeneo bunge, robo tatu ikigawanywa sawa. Ile milima ya ndizi ikapata madarasa bila kungoja bonasi ya mtu. Nashukuru. Ila tangu siku hizo sijaona kamati ikihesabu mabati. Darasa ni la mheshimiwa, jina lake limepakwa rangi ukutani, na nyufa ni zake pia.

Kaunti nazo sasa zinapimwa kama tulivyopimwa sisi. Mradi wa kusaidia miji uliofadhiliwa na Benki ya Dunia kuanzia 2017, ambao Kisii na Nyamira zilikuwamo, ulitaka mji uwe na bodi na mpango kabla ya fedha kutoka.

Kamati ya shule yetu nayo inaombwa karatasi ambayo sikuwahi kuombwa: hati ya shamba. Mzee aliyetoa uwanja alitoa kwa mdomo, mbele ya chifu, na shamba bado liko kwa jina lake ingawa alishazikwa. Mjukuu wake ana nakala ya ramani na anataka alipwe. Wameniita nitoe ushahidi, nami nimewapelekea daftari, maana siku ile niliandika: fulani, shamba, kuanzia mwisho wa ua hadi kijitoni.