Elimu ya Kujitegemea

Elimu ya Kujitegemea ni sera ya elimu ya Tanzania iliyotangazwa na Rais Julius Nyerere mnamo Machi 1967, mwezi mmoja baada ya Azimio la Arusha. Pia ni jina la kijitabu alichokiandika kuieleza sera hiyo. Wengi waliosoma Tanzania Bara katika miaka ya 1970 na 1980 huikumbuka kwa jembe: shamba la shule, bustani, mifugo na kazi za kijiji zilizofanywa na wanafunzi. Lakini kilimo kilikuwa nusu tu ya wazo lenyewe. Nusu ya pili ilikuwa kwamba wanafunzi washiriki kuamua kazi ipi ifanywe, ifanywe vipi, na mapato yake yatumikeje. Nusu hiyo ndiyo iliyosahaulika mapema.

Asili

Tanganyika ilipopata uhuru mwaka 1961 ilikuwa na wanafunzi wapatao 490,000 katika shule za msingi. Kufikia 1967 idadi ilikuwa imefika takriban 825,000. Nafasi za sekondari ziliongezeka pia, lakini bado zilitosha wanafunzi 13 hivi tu kati ya kila 100 waliomaliza shule ya msingi. Hata hivyo mafunzo yote ya msingi yaliandaliwa kana kwamba kila mtoto angeendelea na sekondari. Aliyebaki, yaani karibu kila mtu, alirudi nyumbani akijiona ameshindwa, na mara nyingi alielekea mjini kutafuta kazi ya ofisini ambayo haikuwepo.

Chanzo kingine kilikuwa mgogoro wa mwaka 1966. Serikali ilipanga kwamba wahitimu wa vyuo na wa kidato cha sita wajiunge na Jeshi la Kujenga Taifa (JKT) kwa lazima. Wangekaa kambini miezi 5, kisha wangefanya kazi kwa miezi 18 wakilipwa asilimia 40 ya mshahara wa kawaida. Tarehe 22 Oktoba 1966 wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam (wakati huo tawi la Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki) na wenzao wa vyuo vingine waliandamana hadi Ikulu kupinga mpango huo. Bango mojawapo lilidai kwamba hali ilikuwa afadhali wakati wa ukoloni. Nyerere aliwasikiliza, kisha akawafukuza karibu wanafunzi 400 na kuwarudisha makwao. Hapohapo alitangaza kupunguza mshahara wake mwenyewe kwa asilimia 20. Wengi wa waliofukuzwa walirudishwa masomoni mwaka uliofuata.

Kijitabu kilitoka miezi 5 hivi baada ya siku ile, na ni vigumu kukisoma bila kuikumbuka. Swali linalojirudia ndani yake ni kile ambacho msomi anadaiwa na wakulima waliolipia masomo yake.

Shule kama jumuiya

Nyerere alitaka elimu ya msingi iwe kamili yenyewe, si ngazi ya kupandia sekondari tu. Umri wa kuanza shule ulipaswa kupanda hadi miaka 7, ili anayemaliza awe karibu na utu uzima. Mitihani ilipaswa kupunguziwa uzito. Kila shule, hasa ya sekondari, ingekuwa pia shamba au karakana inayochangia gharama zake yenyewe.

Shamba hilo halikukusudiwa liwe la kifahari lenye trekta na msimamizi wa kuajiriwa. Wanafunzi wangeanza na zana ambazo wazazi wao wangeweza kuzipata, wajaribu mbolea na matuta, waandike hesabu za mavuno, na waone kwa macho yao kwamba uzembe shambani unapunguza chakula mezani. Wanafunzi wa shule za msingi, ambao ni wadogo zaidi, wangeweza kupewa ekari chache katika shamba la kijiji na kuwajibika kwazo. Usafi, kufua na kupika ni kazi ambazo shule nyingi za bweni ziliwaachia watumishi. Sasa zingefanywa kwa sehemu kubwa na wanafunzi.

Mipango ya kazi na matumizi ya ziada vilipaswa kujadiliwa na wanafunzi pamoja na walimu. Kwa maana hiyo shule ilitazamwa kama kijiji kidogo cha ujamaa ambamo mtoto anajifunza uraia kwa kuutenda, kabla hajafikia umri wa kupiga kura.

Utekelezaji

Mashamba ya shule yalienea haraka. Wanafunzi walilima, wakafuga kuku na ng'ombe, wakafyatua matofali na kujenga madarasa na nyumba za walimu. Kampeni ya kufuta ujinga iliyoanza katika maeneo sita (Mafia, Ukerewe, Masasi, Kilimanjaro, Pare na Dar es Salaam) ilihitaji walimu wengi wa kujitolea, na vijana waliomaliza shule ya msingi walikuwa miongoni mwao. Mara nyingine mwanafunzi wa jioni alikuwa mzazi au jirani wa mwalimu wake. Idadi ya watu wazima wasiojua kusoma na kuandika ilishuka kutoka takriban asilimia 67 mwaka 1967 hadi asilimia 39 mwaka 1975.

Mfano unaotajwa sana ni shule ya msingi ya Kwamsisi, mkoani Tanga, iliyofanywa shule ya jumuiya ya majaribio mwanzoni mwa miaka ya 1970 kwa ushirikiano na chuo cha ualimu cha Korogwe. Huko wanakijiji wenye ujuzi walishiriki kufundisha, na masomo yaliunganishwa na shughuli za kijiji. Shule chache zilifika hapo.

Azimio la Musoma la Novemba 1974 lilijaribu kukaza sera. Lilidai elimu ya msingi kwa watoto wote, lilitaka kazi na mwenendo wa mwanafunzi vihesabiwe pamoja na mtihani, na liliagiza kwamba anayetaka kuingia chuo kikuu kwanza afanye kazi na apate pendekezo la wenzake wa kazini. Sharti hilo la mwisho lililegezwa baadaye.

Malalamiko

Lawama kubwa ilikuwa kwamba kazi ilitenganishwa na masomo. Asubuhi darasani, mchana shambani, na hakuna aliyeeleza uhusiano wa vitu hivyo viwili. Penye walimu wasiopenda sera, kulima kuligeuka adhabu: mchelewaji alipimiwa kipande cha kupalilia au kisiki cha kung'oa. Mtoto aliyeadhibiwa kwa jembe miaka saba hawezi kutarajiwa kuliheshimu.

Lawama ya pili ilihusu mavuno. Wanafunzi wengi hawakuwahi kuambiwa mahindi yao yaliuzwa kwa bei gani wala fedha ilikwenda wapi, na kuna walimu waliowatuma wanafunzi kwenye mashamba yao binafsi. Shule za mijini, zisizo na ardhi, zilibaki na bustani ndogo na usafi wa mazingira. Wazazi nao waliendelea kuipima shule kwa idadi ya waliochaguliwa kwenda sekondari, na kwa hilo hawakukosea, maana mtihani wa darasa la saba uliendelea kuwa mlango pekee wa kuingilia shule za serikali.

Baadaye

Mageuzi ya uchumi ya kuanzia katikati ya miaka ya 1980 yaliiacha sera bila nguvu, ingawa haikufutwa kwa siku moja. Stadi za kazi zilibaki kwenye mtaala wa shule za msingi, na bustani za shule zipo mpaka leo. Mafunzo ya JKT kwa wahitimu wa kidato cha sita yalisimamishwa mwaka 1994 na kurejeshwa mwaka 2013.

Kazi za wanafunzi kwa jamii zimehamia zaidi kwenye vilabu. Mwaka 1991 wanafunzi 12 walikutana nyumbani kwa Jane Goodall jijini Dar es Salaam na kuanzisha Roots & Shoots, mpango ambao sasa uko katika nchi nyingi. Wanafunzi hujiunga nao kwa hiari, hutazama matatizo ya mahali wanapoishi, na huchagua wenyewe watakalolifanyia kazi kwa ajili ya watu, wanyama au mazingira.