Vyombo Viwili vya Nchi Kavu

Mtu asimamaye Bogoro, kusini mashariki ya Bunia, mashariki mwa Kongo, mahali ambapo ardhi hukatika ghafula na Ziwa Albert likaonekana chini kabisa, huenda asisadiki akiambiwa kwamba chombo cha kwanza cha Mzungu kupitishwa katika msitu wa Ituri hadi ziwani humo kilipita, kwa sehemu ya njia, juu ya mabega ya watu.

Mwaka 1887 Henry Morton Stanley, akiwa amekwisha kuandika Unguja wapagazi wapatao 600 kwa safari ya kumtafuta Emin Pasha, gavana wa Misri aliyekatikiwa na njia, alitoka kambi yake ya Yambuya tarehe 28 Juni akaingia msituni. Na miongoni mwa mizigo ilikuwamo mashua ya chuma, jina lake Advance, iliyokongolewa vipande 12, vikachukuliwa kwa zamu mahali pasipo na njia, huku wachukuzi wakifa kwa njaa, kwa maradhi na kwa mishale. Walipokaribia Ipoto, makazi ya wafanyabiashara wa pembe chini ya Kilonga-Longa, nguvu zilikuwa zimewaishia, na mashua ikaachwa nyuma. Tarehe 13 Desemba wakafika ziwani, na hapo ndipo walipoihitaji kuliko siku zote: hapana mtumbwi wa kuazima, hapana mti wa kuchonga. Ikawalazimu kurudi msituni, wakajenga ngome ya Bodo, wakaifuata mashua, nayo haikuelea katika ziwa hilo hata Aprili 1888. Majina ya maafisa wa Kizungu wa msafara ule yanajulikana mmoja mmoja. Ya waliobeba vile vipande 12 aghalabu hayatajwi, na huo, kwa rai yangu, ni upungufu mkubwa wa tarikh yetu.

Nusu karne ikapita. Mwaka 1938 Attilio Gatti, Mwitalia aliyekwisha kuuandikia msitu huo kitabu, Great Mother Forest, mwaka 1936, aliingia Kongo ya Wabelgiji pamoja na mkewe, Ellen, na matela mawili ya fahari yaliyosanifiwa na Alexis de Sakhnoffsky na kuvutwa na malori ya International Harvester. Jioni matela hayo yaliunganishwa, yakawa nyumba moja yenye sebule, mahali pa kulala, jiko na hamamu. Na wenyewe wakayaita Jungle Yachts, yaani majahazi ya mwituni. (Nahodha wa Lamu angalicheka, maana jahazi hungoja pepo, bali hili lilingoja matope yakauke.) Bibi Ellen naye alitoa kitabu chake mwaka 1944, na wake wengi waliofuatana na waume zao safarini hawakupata fursa hiyo.

Lakini majahazi hayo yasingalikwenda hata maili moja lau si barabara, na barabara zile zilikuwa kazi ya wanavijiji, waliohamishwa kutoka makwao ndani ya msitu wakapangwa kandokando ya njia ili wawe karibu na kodi na karibu na jembe. Wakafukia mashimo kwa vikapu vya changarawe, wakazibua mifereji, wakafyeka majani. Na mvua ilipoanza kunyesha, mti mrefu uliteremshwa kukingama njia, na magari yakangoja hata udongo ukauke. Hivyo hata mwenye hamamu ya magurudumu huenda aliketi akingoja mbele ya gogo lile lile walilongoja watu wa magunia ya kahawa.

Njia ingalipo. Kutoka Bunia hushuka hadi Komanda, na hapo hukutana na ile itokayo Kisangani kwenda Beni. Lori likizama, utingo huwasha moto kando yake, akainjika sufuria, akalala chini ya chasisi. Tarehe 6 Mei 2021, kwa sababu ya mashambulio ya makundi yenye silaha, jimbo la Ituri liliwekwa chini ya utawala wa kijeshi, na mwaka huo huo magari ya Beni na Komanda yakaanza kwenda kwa msafara, wenye bunduki mbele na nyuma.