Deni la Msomi: Kifo cha Kazimoto na Historia ya Mwanachuo wa Afrika Mashariki

Kichwamaji (1974), riwaya ya pili ya Euphrase Kezilahabi, humalizika kwa kujiua kwa Kazimoto, kijana aliyesomea Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Wahakiki wengi wamekifasiri kifo hicho kwa misingi ya udhanaishi, wakikihusisha na mawazo ya Camus na Sartre. Fasiri hiyo ina mashiko, ila ina pengo: humwondoa Kazimoto katika historia iliyomlea. Makala haya yanashikilia kwamba kukata tamaa kwake hakutokani na falsafa pekee. Kuna mizizi pia katika nafasi aliyopewa mwanachuo wa kizazi chake.

Chuo cha Dar es Salaam kilifunguliwa Oktoba 1961, wiki chache kabla ya uhuru wa Tanganyika, katika jengo la TANU mtaani Lumumba. Mwaka 1963 kiliungana na Makerere na Nairobi kuunda Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki, na mwaka 1964 kikahamia Mlimani, mbali na kitovu cha mji. Kezilahabi alihitimu hapo mwaka 1970, mwaka ambao muungano huo ulivunjika.

Wanachuo walikuwa wachache mno, na uchache huo uligeuzwa kuwa deni. Julius Nyerere aliwafananisha na mtu aliyepewa chakula chote cha kijiji chenye njaa ili apate nguvu za kuleta msaada kutoka mbali. Akila na asirudi, ni msaliti. Kisiasa, mfano huo ulikuwa na haki yake. Kisaikolojia, ulikuwa mzito: mtu aliyekula chakula cha wenye njaa atathubutu vipi kuwaambia kwamba anaumwa moyo? Oktoba 1966, wanafunzi walipoandamana kupinga masharti ya Jeshi la Kujenga Taifa, mamia walifukuzwa na kurudishwa makwao. Tangu hapo ilijulikana kwamba manung'uniko ya msomi yangeweza kusomwa kama utovu wa shukrani.

Sheria nayo iliongeza ukimya. Yafaa ikumbukwe kwamba Uingereza ilifuta kosa la kujaribu kujiua mwaka huohuo wa 1961. Hata hivyo, Kanuni za Adhabu ambazo Waingereza waliziacha Tanganyika na Kenya ziliendelea kulihesabu jaribio hilo kuwa jinai. Ni kinaya kwamba kitivo cha kwanza cha chuo kipya kilikuwa cha sheria. Nchini Kenya, Mahakama Kuu ilitangaza Januari 2025 kuwa kifungu cha 226 kilikiuka Katiba. Kwa zaidi ya miongo sita, basi, aliyenusurika alikabiliwa na tishio la kituo cha polisi pale alipohitaji daktari.

Riwaya yenyewe inathibitisha uzito wa muktadha huu. Kazimoto anarudi nyumbani akiwa tumaini la jamaa, lakini elimu haimwezeshi kumwokoa yeyote. Dada yake Rukia anaharibiwa maisha na Manase, msomi mwenzake aliyekwisha kupata cheo. Misiba inafuatana, hadi mtoto wake mwenyewe anapofariki. Kazimoto ana maneno mengi kuhusu maana ya maisha, ila uchungu wake hauna pa kupokelewa. Usimulizi wa nafsi ya kwanza unadhihirisha jambo hili: msikilizaji wa karibu kuliko wote ni msomaji, naye hawezi kumjibu.

Jamii ya wakati huo pia haikuwa tayari kusikia. Rosa Mistika (1971), ambayo mhusika wake mkuu naye hujiua, ilipigwa marufuku kwa muda katika shule za Tanzania. Kuficha kitabu kulionekana rahisi kuliko kuuliza kilichomsibu Rosa.

Suala hili lina uzito katika ufundishaji. Mhadhiri anayekieleza kifo cha Kazimoto kuwa hitimisho la kimantiki la fikra pevu huenda akamwachia mwanafunzi aliyelemewa funzo la hatari, kwamba kukata tamaa ni dalili ya kina cha akili. Usomaji wa kihistoria unafundisha kinyume chake. Deni, fedheha na ukimya vilitengenezwa na watu katika nyakati mahususi, na vilivyotengenezwa na watu vyaweza kubadilishwa. Kazimoto hakuwa amekosa hoja. Alikosa mahali ambapo kusema “nimelemewa” hakungehesabiwa kuwa usaliti, wazimu wala kosa la jinai.